Kosa la Mwingine, Adhabu ya Msichana

Zitazame kwa mfululizo filamu zinazohusu shule za maadilisho za wasichana, kuanzia Ujerumani ya miaka ya 1920 hadi Marekani ya miaka ya 1990, na utaona kwamba msichana aliyefungwa karibu kila mara analipia kosa la mtu mwingine. Kijana wa kiume ndiye aliyeiba gari. Mwanamume mzima ndiye aliyempa mimba. Ndugu ndio waliotaka aibu iondoke nyumbani. Lakini mlango unapofungwa, anayebaki ndani ni yeye. Visa hivi vimetengenezwa upya tena na tena, na kila mara wakurugenzi wamebadilisha nguo, muziki na hata mwisho wa hadithi. Kiini hicho kimedumu. Makala haya yanaeleza kwa nini kimedumu, na kwa nini kinatuhusu sisi wa Pajulu na Arua, Uganda, ingawa hatuna shule ya maadilisho ya wasichana.

Tuanze na kisa cha zamani zaidi. Mwaka 1905 mwandishi wa Kijerumani Margarete Böhme alichapisha riwaya iliyosomwa na watu wengi mno, ya msichana Thymian, binti wa mwenye duka la dawa. Richard Oswald aliigeuza kuwa filamu mwaka 1918. Filamu hiyo imepotea. Mwaka 1929 G. W. Pabst aliitengeneza upya, bila sauti kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na nafasi ya Thymian akampa Mmarekani Louise Brooks. Msaidizi wa baba yake dukani anampa Thymian mimba. Familia inaketi kikao na kuamua aolewe naye. Anapokataa, mtoto anapelekwa kwa mkunga na yeye anapelekwa kwenye nyumba ya kurekebisha tabia. Humo wasichana hunyanyua vijiko vya supu kwa mdundo anaoupiga mke wa mkuu wa nyumba, wakala kama askari walio gwarideni. Yule msaidizi wa duka hapelekwi popote.

Wadhibiti wa filamu waliikatakata kazi ya Pabst, nayo kwa miaka mingi ikaonekana vipande vipande. Hata hivyo mwisho wake ni wa kukumbukwa. Thymian, ambaye sasa ameingia katika tabaka la watu wenye heshima, anaalikwa kwenye kamati ya wafadhili wa nyumba ile ile iliyomfunga. Analetwa mbele yao rafiki yake wa zamani ili ahukumiwe kuwa ameshindikana. Thymian anasimama upande wa rafiki yake. Mkurugenzi alimwondoa mfungwa kwenye kiti cha mshtakiwa na kumketisha walipo mahakimu, na papo hapo mtazamaji akaona kwamba wenye kuhukumu hawakuwa wamewahi kuuliza swali hata moja la maana.

Miaka tisa baadaye hadithi ya namna hiyo ilitengenezwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1938 Léonide Moguy alitoa Ufaransa filamu *Prison sans barreaux*, yaani gereza lisilo na nondo. Mwaka huo huo Brian Desmond Hurst akaitengeneza upya Uingereza, na kijana Corinne Luchaire akaigiza msichana mkuu katika filamu zote mbili. Mkuu mpya wa shule anafika na kukuta vipigo na vyumba vya kufungia; anaamua kuongoza kwa huruma. Hapo fomula ilipata mhusika ambaye hajaondoka tena: mama mlezi mwema anayepambana na mlezi mkatili. Mhusika huyu anapendeza, lakini pia ana hatari. Tukishughulika na kujua ni mlezi yupi mwema, tunasahau kuuliza kama msichana alistahili kuwa mle ndani tangu mwanzo.

Filamu zilizozaa msururu mkubwa wa matoleo mapya ni za Marekani ya miaka ya 1950. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana walikuwa na fedha kidogo, magari na muziki wao wenyewe, na wazazi waliingiwa na hofu. Mwaka 1953 Baraza la Seneti liliunda kamati ndogo ya kuchunguza uhalifu wa vijana, na mwaka 1955, chini ya Seneta Estes Kefauver, kamati hiyo ikawahoji watu wa filamu. Mwaka huo huo zilitoka *Blackboard Jungle* na *Rebel Without a Cause*. Hofu ya wazazi ikageuka biashara. Kampuni ya American International Pictures, iliyoanzishwa mwaka 1954 na James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff, ilitengeneza filamu za bei rahisi kwa vijana waliotazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Nicholson alizoea kubuni kwanza jina na bango. Hadithi ilitafutwa baadaye.

Ndivyo ilivyotoka *Reform School Girl* mwaka 1957, iliyoongozwa na Edward Bernds. Donna, anayeigizwa na Gloria Castillo, yumo ndani ya gari lililoibwa na mvulana. Mvulana anamgonga mtu na kumuua. Donna hamtaji, na anapelekwa shule ya maadilisho kwa ajali ambayo hakuisababisha; huko wenzake wanamshuku kuwa mpelelezi wa wakubwa. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizosimamiwa kwa nguvu tangu 1934 na kuachwa 1968, zilitaka kosa liadhibiwe na utaratibu wa jamii uheshimiwe. Kwa hiyo filamu hizi zilimwonyesha mtazamaji msisimko wa ukorofi kwa zaidi ya saa nzima, kisha zikafunga hesabu kwa mafunzo mema. Shule yenyewe haikutiliwa shaka, maana samaki mkunje angali mbichi.

Je, watunzi walibuni tu kisa cha msichana anayelipia kosa la mwingine? La. Shule ya kwanza ya serikali ya kurekebisha wasichana Marekani ilifunguliwa Lancaster, Massachusetts, mwaka 1856, na kwa zaidi ya karne moja shule za namna hiyo zilijaa wasichana ambao hawakuwa wameiba wala kuua. Walikuwa wametoroka nyumbani, wameacha shule, wamekutwa na wavulana, au wazazi walisema wamewashinda. Mvulana alifungwa kwa alichokitenda; msichana alifungwa kwa alichohofiwa kuwa. Mwimbaji mashuhuri Ella Fitzgerald alipitia njia hiyo. Baada ya mama yake kufariki aliacha kuhudhuria masomo, na mwaka 1933 alipelekwa kwenye shule ya mafunzo ya wasichana ya jimbo la New York mjini Hudson, ambako wasichana Weusi walitengwa katika nyumba zao. Alitoroka. Mwezi Novemba 1934 alishinda shindano la waimbaji wachanga kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem. Ni mwaka 1974 tu ndipo sheria ya serikali kuu ya Marekani ilipoyataka majimbo yaache kuwafungia watoto kwa makosa ambayo mtu mzima asingeshtakiwa nayo, kama kutoroka nyumbani au kukwepa shule.

Mwaka 1994 kituo cha televisheni cha Showtime kilirusha msururu wa filamu kumi ulioitwa *Rebel Highway*. Watayarishaji walikuwa Debra Hill na Lou Arkoff, mwana wa Samuel Arkoff. Walichukua majina ya filamu za American International Pictures, wakawapa wakurugenzi fedha kidogo, siku chache za kupiga picha na uhuru mkubwa wa kuandika upya. Jonathan Kaplan alipewa *Reform School Girl*. John McNaughton akapewa *Girls in Prison*, ya gereza la wanawake, na kuihusisha na miaka ya kuwindwa kwa Wakomunisti. Kanuni za zamani zilikuwa zimekufa. Ukatili wa walezi, mapenzi na hasira ya wasichana, mambo ambayo mwaka 1957 yaliweza kudokezwa tu, sasa yalionyeshwa waziwazi. Shule ikawa ndiyo mshtakiwa.

Hilo ni jema, lakini nina shaka moja kubwa na msururu huo. Ulirudi nyuma miaka karibu arobaini, kwenye nywele, magari na nyimbo za zamani, kana kwamba dhuluma ni jambo la babu zetu. Wakati huo huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yakibadilisha sheria ili watoto wengi zaidi washtakiwe kama watu wazima. Toleo jipya linalolaani jana na kuinyamazia leo humfariji mtazamaji. Anazima televisheni akiamini kwamba mambo yamekwisha.

Lipo toleo lililokataa kufariji. Mwaka 2002 Peter Mullan alitoa *The Magdalene Sisters*, akichochewa na filamu ya kumbukumbu ya televisheni ya Uingereza ya mwaka 1998 ambamo wanawake wa Ireland walisimulia walivyofungiwa kwenye nyumba za kufulia nguo zilizoendeshwa na watawa. Katika filamu ya Mullan, mmoja amebakwa na binamu yake harusini, mwingine amezaa nje ya ndoa, wa tatu anatazamwa na wavulana kupitia uzio wa kituo cha mayatima. Hakuna aliyevunja sheria. Filamu ilishinda Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice, na Vatikani haikufurahi. Nyumba ya mwisho ya aina hiyo ilikuwa imefungwa mwaka 1996 tu, kwa hiyo walioteswa walikuwa hai na waliendelea kudai haki. Mwaka 2013 Waziri Mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa, na mpango wa fidia ukafuata.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 1996 inafanana kidogo sana na shule za kwenye filamu. Mtoto hawezi kushtakiwa kwa jinai kabla ya kutimiza miaka 12. Kumfungia kunapaswa kuwa njia ya mwisho, baada ya nyingine zote kujaribiwa. Makosa madogo, kama wizi mdogo au ugomvi, yanaweza kusikilizwa na mahakama ya baraza la kijiji (LC), nayo yaweza kuamuru upatanisho, fidia, kuomba radhi au onyo. Kesi nzito kuliko hizo kwa kawaida huenda kwenye Mahakama ya Familia na Watoto. Anayesubiri hukumu hukaa kwenye mahabusu ya watoto kama ile ya Arua, na anayehukumiwa kifungo hupelekwa Kampiringisa, wilayani Mpigi.

Ukiingia kwenye mahabusu hizo, utakuta wavulana ni wengi kuliko wasichana, na wengi wao wameshtakiwa kwa kunajisi mtoto, kosa la kufanya ngono na mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Unaweza kudhani kwamba kwetu fomula ya filamu imepinduliwa: mvulana amefungwa, msichana yuko huru. Tazama vizuri. Mimba inapogunduliwa, mara nyingi wazee wa pande mbili huketi. Huzungumza faini, huzungumza mahari, na msichana huitwa mwishoni ili aambiwe walilokubaliana. Akiolewa, masomo yamekwisha. Akibaki nyumbani, huchota maji na kulima huku wadogo zake wakienda shule. Ikiwa aliyempa mimba ni mtu mzima mwenye mali, huenda hata polisi wasisikie habari hiyo. Kikao kile cha familia ya Thymian cha mwaka 1929 hakihitaji jengo wala nondo. Kinaweza kufanyika chini ya mwembe hapa Pajulu.

Jambo hili la mimba kukatiza masomo tuliliona kwa uchungu shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, tangu Machi 2020 hadi zilipofunguliwa zote Januari 2022. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi mjamzito apumzike kuanzia mwezi wa tatu, lakini pia unampa haki ya kurudi mtoto akishafikisha angalau miezi sita. Haki hiyo haitembei yenyewe. Inahitaji mwalimu mkuu anayempokea bila kumsimanga, shangazi au bibi anayebaki na mtoto, na baba anayekubali kulipa ada kwa mara ya pili.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu wa aina tatu. La kwanza ni kwa wenye vibanda vya video na ma-VJ, watafsiri wa filamu kwa sauti. VJ wa Uganda hutafsiri, huongeza maneno na huamua ni nani achekwe. Sauti yake peke yake ni toleo jipya la filamu. Akimwita msichana malaya, ukumbi mzima utamwita hivyo. Akiuliza yule mwanamume yuko wapi, vijana watatoka wakiuliza hivyo hivyo. La pili ni kwa vijana wa Arua na Koboko wanaopiga filamu kwa kamera ndogo na hata kwa simu. Msiige ukuta wa Kimarekani wala sare zake. Chukueni swali, mlilete kwenye boma, sokoni na ofisi ya LC, mkitumia Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili cha mtaani kwetu. Na kama mnakichukua kisa cha kweli, kumbukeni kwamba sheria inalinda faragha ya mtoto: jina lake, sura yake na shule yake visitambulike.

Ombi la tatu ni kwetu watazamaji. Kabla ya kusifu uigizaji, tuulize mambo matatu: nani alitenda kosa, nani ameadhibiwa, na nani alikaa kwenye kikao kilichoamua? Majibu yakitofautiana na haki, tusiishie kuilaumu filamu, tuvitazame pia vikao vyetu. Na filamu inayomrudisha msichana darasani na kumfikisha mkosaji halisi mbele ya hakimu ndiyo toleo ambalo natamani watoto wa Pajulu walitazame, likiwa limetengenezwa na watu wa hapa hapa.