Panchi ya fundi: soma hii kabla hujagonga

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kachuma kasikozidi urefu wa kiganja: panchi. Najua wengi mnaopita humu mna ndugu fundi baiskeli au fundi pikipiki, na wengine nyie wenyewe ndio mafundi, mnatafuta hela ya kula na ya kafe. Basi soma mpaka mwisho, dakika zako hazitapotea.

Mimi ufundi nilianzia Kaniha, huku kwetu Biharamulo, chini ya mwembe, kwa mzee mmoja aliyekuwa na boksi la spana na panchi tatu tu. Nilimuona mchoyo kweli kweli. Ukigusa panchi yake anakuuliza, "Dogo, unataka kufanya nini na hiyo?" Kama huna jibu, unairudisha.

Siku moja hayupo, akaja mteja baiskeli yake inacheza mkono wa pedeli. Nikajifanya najua. Nikagonga kota kwa msumari, ukapinda. Nikachukua tindo kuukuu lililochanua kichwa kama uyoga, nikashusha nyundo. Kipande kikakatika kwenye ule uyoga, kikanichana chini ya jicho. Alama ninayo mpaka leo. Ingekuwa juu kidogo tu, haya ningeyaandika na jicho moja. Mzee aliporudi hakunipiga wala hakunitukana. Alinikalisha chini akanifundisha, na ndiyo hayo nawapa.

PANCHI ZIKO ZA AINA NGAPI?

Kwa kazi zetu za mtaani zinatosha tatu.

1. Senta panchi. Hii ina ncha kali. Kazi yake ni kuweka alama ili keekee isiteleze unapotoboa chuma, na pia kufinyia nati isifunguke (nitaeleza chini).

2. Panchi ya mchongoko. Mwili wake unapungua taratibu kuelekea mbele, na mbele ni bapa. Hii ina nguvu, ndiyo ya kuanzishia pini iliyokwama.

3. Panchi iliyonyooka. Mbele ni nyembamba, unene ule ule mpaka mwisho. Hii ni ya kumalizia kuisukuma pini ikishaanza kutoka. Ukianza na hii kwenye pini iliyokwama inapinda au inakatika. Wengi wanakosea hapo.

JINSI YA KUCHAGUA

Usinunue kwa kung'aa. Kwanza chukua tupa, jaribu kwenye ncha. Tupa ikiteleza, chuma kimekomaa. Tupa ikila kama inakula msumari, hiyo ni laini, itajikunja siku ya kwanza. Halafu jaribu kichwa, pale panapopigwa nyundo. Hapo panatakiwa pawe laini zaidi, tupa ile kidogo. Kichwa kikiwa kigumu kama ncha, kinaweza kupasuka na kurusha vipande.

Unene nao ni muhimu. Panchi iwe nyembamba kidogo tu kuliko tundu la pini. Ikiwa nyembamba sana inachimba katikati ya pini na kuitanua, matokeo yake inazidi kukwama.

Huna hela? Tengeneza. Springi nene ya gari lililokufa ni chuma kizuri. Inyooshe kwenye moto wa mkaa, chonga ncha, kisha pasha moto upande wa ncha mpaka sumaku isishike (toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu). Hapo itumbukize kwenye oili, siyo maji, maana kwenye maji inaweza kupasuka. Ikipoa, ing'arishe kwa msasa, halafu ipashe tena polepole ukianzia katikati, uangalie rangi zikikimbilia kwenye ncha: njano, kahawia, zambarau. Ncha ikifika kahawia kuelekea zambarau, izime. Kichwa usikikomaze.

Na msidhani elimu hii imeletwa na meli. Barongo wa upande huu wa Biharamulo na Geita walikuwa wanayeyusha na kufua chuma miaka na miaka kabla ya duka la vifaa kufunguliwa mjini.

KUTOA KOTA BILA KUHARIBU

Kota ni kile kipini kinachobana mkono wa pedeli kwenye ekseli. Legeza nati mpaka ilingane na mwisho wa uzi, usiitoe yote, maana ndiyo inalinda uzi usichanuke. Halafu (hapa ndipo siri ilipo) simamisha kipande cha bomba au gogo la mti mgumu chini ya mkono wa pedeli, jirani na kota, liegemee ardhini. Bila hivyo kila pigo linaishia kwenye gololi na vikombe vyake, unatengeneza kimoja unaua vingine. Piga pigo moja zito lililonyooka. Mapigo madogo madogo ishirini hayaitoi, yanaitanua tu.

Kurudisha: bapa za kota mbili zielekee pande tofauti, la sivyo pedeli hazitakaa mstari mmoja. Gonga ikae kwanza, kisha ndiyo ukaze nati. Mwambie mteja arudi baada ya siku moja ukaze tena.

KUFINYA NATI ISIFUNGUKE

Barabara zetu za vumbi zinatikisa. Bolti za keria inayobeba mkungu wa ndizi au gunia la mahindi zinafunguka zenyewe. Ukishakaza nati vizuri, weka senta panchi pale uzi wa bolti unapokutana na nati, gonga. Chuma kinafinywa na kuziba njia ya uzi. Fanya sehemu tatu zilizoachana sawa. Ila ujue nati hiyo ukija kuifungua imekufa, weka mpya. Kwa hiyo usifanye hivi kwenye nati za magurudumu wala za kota, zinazofunguliwa kila mara.

Na kabla hujagonga chochote, saga uyoga wote kichwani mwa panchi na uvae miwani. Usicheke, miwani ya fundi welda ni bei ndogo kuliko jicho.

SASA LILE LA GOBOLE

Nilipofungua kijiwe changu, jioni moja alikuja mzee, kafunga kitu kwenye kiroba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unafinya nati zisilegee."

Akafungua. Gobole. Skrubu za karibu na kifyatulio zinalegea, anataka nizigonge senta. Akatoa sh. 20,000 mkononi. Siku hiyo nilikuwa sijaingiza hata elfu tatu, na kodi ya kibanda ilikuwa inadaiwa.

Kazi yenyewe ni ile ile. Hata mafundi bunduki duniani wanafinya skrubu kwa panchi. Marekani mwenye bunduki halali aina ya AR-15 anaweza kuzifinya mwenyewe nyumbani. Lakini hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa anayemiliki na hata kwa anayetengeneza. Na tuache sheria: bomba la gobole hujui limetoka wapi, skrubu zikikaa imara mpigaji anapata imani, bomba linampasukia usoni. Wale tunaokumbuka mabasi ya njia hii yakisindikizwa na polisi wenye silaha hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo siwezi. Ipeleke polisi kabla haijakupeleka wewe." Akanuna, akafunga kiroba, akaondoka. Nililala na deni langu.

Ndipo nilipoelewa lile swali la mwalimu wangu: "Dogo, unataka kufanya nini na hiyo?" Hakuwa mchoyo wala nini.

Haya wadau, mafundi mliopo, ongezeni nilipopungukiwa. Na wewe ungekuwa na deni la kodi, ile elfu ishirini ungeiacha? Nasubiri maoni.