Kompyuta Ikiibiwa, Madai Yetu Yasipotee



Ninaandika kutoka magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Fort Portal, ambako wanachama wetu wengi ni wachuma chai pamoja na wenzetu wa viwanda vya kukausha majani. Nimeombwa nieleze jinsi tawi letu linavyoweka nakala za mambo yaliyomo katika laptopu ya ofisi. Mimi si mtaalamu, na elimu yangu ni ya shule ya msingi. Haya nimejifunza kwa sababu yalitukuta.

Miaka michache iliyopita mwajiri mmoja wa huku alikuwa akiwakata wafanyakazi asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kama sheria ya Uganda inavyotaka, naye alipaswa kuongeza asilimia 10 yake. Hati za mshahara zilionyesha makato. Lakini wenzetu walipoulizia akaunti zao kwenye Mfuko, miezi mingi ilikuwa mitupu. Tukazunguka kambi kwa kambi kukusanya hati. Tulizipiga picha moja moja, tukaziweka katika laptopu pamoja na jedwali la majina, miezi na kiasi cha fedha, kisha tukawarudishia wenyewe karatasi zao. Siku nne kabla ya kikao na mwajiri, ofisi ilivunjwa usiku na laptopu ikachukuliwa ikiwa ndani ya mfuko wake. Ndani ya mfuko huo huo ilikuwamo flashi, na flashi hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiita nakala.

Tulirudi kambini mikono mitupu. Karatasi nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa, nyingine zimewashiwa moto jikoni, kwa kuwa tulikwisha waambia watu kwamba sasa mambo yao yako salama ofisini. Mama mmoja mchuma chai alitutolea bati la biskuti, na ndani yake hati za miaka sita zimefungwa kwa uzi, mwaka mmoja fungu moja. Yeye alilipwa yote. Wengine walipata ile miezi tu waliyoweza kuionyesha. Maneno yale ya "yako salama ofisini" yananiuma mpaka leo, kwa maana mimi ndiye niliyeyasema.

Sasa tuelezane kuhusu chombo tulichonunua baadaye. Dukani huitwa NAS. Sisi tunakiita sanduku la hifadhi. Ni sanduku dogo, ukubwa wake kama mkate mmoja, lisilo na kioo wala kibodi, na ndani yake zimo diski mbili. Kwa kweli lenyewe ni kompyuta, ila kazi yake ni moja tu: kupokea mafaili na kuyatunza. Halichomekwi kwenye laptopu kama flashi. Huunganishwa kwa waya na ruta ya ofisi, ile inayogawa mtandao, na kila laptopu iliyo katika mtandao wa ofisi inaweza kulipelekea mafaili yake, kwa waya au kwa waifai. Halihitaji intaneti ili kufanya kazi hiyo. Vocha ikiisha, nakala zinaendelea kama kawaida. Hilo peke yake lilitosha kutushawishi, maana kabla ya hapo tulijaribu kupeleka mafaili kwenye hifadhi ya kulipia ya intaneti, na vifurushi vyetu vilikwisha kabla ya picha kwisha.

Kulitayarisha si kazi kubwa. Unafungua ukurasa wake kutoka kwenye laptopu, unatengeneza akaunti na nywila kwa ajili ya kila laptopu, unatenga folda. Kisha katika laptopu yenyewe unawasha programu ya kuweka nakala. Laptopu za Windows huja na programu inayoitwa File History, na zile za Apple huja na Time Machine. Zote mbili, usipozibadilisha, hutazama kila saa ni mafaili gani yamebadilika na kuyanakili hayo peke yake. Chunguza ni folda zipi zinazonakiliwa. Katibu wetu alikuwa na desturi ya kuweka mambo muhimu katika folda aliyoitengeneza nje ya zile za kawaida, na programu ilikuwa ikiipita bila kuitazama, wiki tatu nzima.

Nakala ya kwanza ndiyo nzito. Tuseme una gigabaiti 200. Kwa waifai hafifu inayopitisha megabaiti 5 kwa sekunde, utangoja zaidi ya saa 11. Kwa waya mzuri unaopitisha megabaiti 100, ni kama dakika 35, ingawa mafaili madogo madogo mengi huchelewesha. Kwa hiyo siku ya kwanza tumia waya, na baada ya hapo waifai itatosha.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi, nami naomba mnivumilie nilieleze polepole. Zile diski mbili huwekwa ili ziandike kitu kile kile. Ukinunua mbili za terabaiti 4 kila moja, unapata nafasi ya terabaiti 4, wala si 8. Muuzaji atakuambia, "Moja ikifa, nyingine ipo," na hapo anasema kweli. Lakini diski hizo ni kama makarani wawili wanaoandika kwa wakati mmoja maneno wanayosomewa. Ukisema "andika", wote wanaandika. Ukisema "futa", wote wanafuta, tena katika nukta ile ile. Kwa hiyo diski ya pili inakukinga na kifo cha diski ya kwanza tu. Haikukingi na mtu aliyefuta kwa bahati mbaya, wala na mwizi anayebeba sanduku zima, wala na moto, wala na radi, ambayo wenzetu wa Fort Portal mnaijua.

Dawa ya kufuta kwa bahati mbaya ni kutunza hali za zamani. Programu nzuri haiandiki faili la leo juu ya lile la jana; huyaweka yote mawili, kila moja na tarehe yake. Mweka hazina akiharibu jedwali la ada Jumanne na kugundua Ijumaa, anarudi kuchukua lile la Jumatatu. Jihadharini na programu zinazofananisha folda mbili tu bila kutunza za zamani. Hizo zitachukua kosa lako na kulipeleka upande wa pili kwa uaminifu kabisa.

Kuna tena adui mwingine, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia. Mwezi Mei mwaka 2017 kile kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 100 kwa siku chache, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kirusi cha namna hiyo kikiingia katika laptopu, hufunga pia kila folda ambayo laptopu ina ruhusa ya kuandika. Folda ya sanduku ikiwa wazi wakati wote kwa nywila ile ile ya katibu, nayo itafungwa. Ndiyo sababu sisi akaunti ya kupeleka nakala ni mbali, na akaunti ya msimamizi wa sanduku ni mbali, na katibu haijui nywila ya pili. Sanduku nalo lina namna ya kupiga picha ya hali yake lenyewe kila usiku, ambayo laptopu haiwezi kuigusa, iwasheni. Na mtu akiwashauri mlifungue sanduku ili mlifikie kutoka nyumbani kwa intaneti, kataeni. Mwaka 2022 kirusi kilichojiita DeadBolt kilishambulia masanduku ya aina hiyo hiyo yaliyokuwa yamefunguliwa kwa intaneti, na wenyewe wakakuta hifadhi yao ndiyo iliyofungwa.

Juu ya mwizi na moto, sanduku halina jibu. Ofisi ikiungua, linaungua nalo. Wapiga picha wana kanuni ambayo Mmarekani Peter Krogh, naye mpiga picha, aliieneza: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwetu ile ya mahali pengine ni diski ya kubeba. Tunazo mbili, zinapokezana. Kila Ijumaa moja inaletwa, inajazwa kutoka katika sanduku, inachomolewa, na mweka hazina anaondoka nayo kwenda kwake, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Imefungwa kwa nywila, kwa sababu ndani yake mna majina, namba za simu na mishahara ya watu, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inatuhusu na sisi kama inavyowahusu waajiri. Tena fikirini orodha ya wanachama wapya ikianguka mikononi mwa mwajiri kabla tawi halijatambuliwa. Nywila imeandikwa katika karatasi, imetiwa ndani ya bahasha, na bahasha iko kwa mwenyekiti.

Tawi lisilo na uwezo lisingoje sanduku. Sanduku pamoja na diski zake laweza kufikia bei ya laptopu, na umeme wa kwetu unalazimu kununua pia betri ya akiba, maana kukatika ghafla diski ikiwa inaandika huweza kuharibu mafaili. Mkiwa na laptopu moja tu, anzeni na diski mbili za kubeba na Ijumaa zenu. Mimi ningeanza hivyo. Sanduku linafaa zaidi mahali penye laptopu tatu au nne, ambapo huwezi kutegemea kwamba kila mtu atakumbuka.

Na hata mashine inayokumbuka yaweza kudanganya. Mwaka 1998 huko Marekani, katika kampuni ya filamu ya Pixar, amri moja iliyotolewa kwa makosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Walipokimbilia nakala, waligundua kwamba zilikuwa zimeacha kufanya kazi sawasawa na hakuna aliyejua. Aliyewaokoa ni mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Filamu ilionyeshwa mwaka 1999. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilipopunguza wafanyakazi 75, naye alikuwamo.

Kwa ajili hiyo Ijumaa zetu zina kazi ya pili. Kabla diski haijaondoka, mtu mmoja anachagua faili moja la zamani, na mwingine analirudisha kutoka katika nakala na kulifungua mbele ya watu. Mara nyingi ni hati za mshahara. Ijumaa iliyopita tulichagua mbili. Ya Agosti ilifunguka katika dakika moja. Ya Machi ilikataa, na picha yake ilitokea nusu, chini ni kijivu. Tumeitafuta katika ile diski nyingine, na huko imo nzima. Diski yenye kasoro tumeiweka kando, na mweka hazina anakwenda mjini Jumatatu kununua nyingine.