Mama Zélie, Lesi ya Alençon na Vitambaa Vyetu

Ukiingia katika sebule nyingi za kwetu, jambo la kwanza utakaloliona ni vitambaa vya makochi. Ni vyeupe, vya rangi ya maziwa, au vya rangi mbili, vimefumwa kwa kroshia na kutiwa wanga mpaka vikasimama vyenyewe. Watoto wakivikalia tunawagombeza. Wageni wakija tunatandika seti mpya. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza ufundi huu ulitoka wapi, na ni akina mama gani walioumiza macho yao kabla ya sisi kuumiza ya kwetu.

Sisi wa kikundi cha kufuma cha kanisani tulianza kujiuliza hayo tulipopewa kazi ya kufuma kitambaa cha meza ya Bwana. Tunakutana Jumamosi alasiri, na hatubaguani kwa madhehebu mradi mtu aje na uzi na sindano yake. Kwa kuwa mikono ina kazi lakini masikio hayana, mmoja wetu husoma kwa sauti. Mwenzetu Mkatoliki alituletea kijitabu cha maisha ya Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tulidhani tutasikia habari za sala tu. Kumbe mama huyu alikuwa fundi wa lesi.

Lesi, ambayo wazee wengine huiita kimia, si sawa na kudarizi. Anayedarizi huwa na kitambaa tayari, naye hukipamba. Lesi haina kitambaa. Uzi wenyewe ndio unaojenga matundu na maua. Waitaliano wa Venice, ambako ufundi huu ulistawi katika karne ya 16, waliuita kwa lugha yao mshono wa hewani. Katika nchi ya Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo iko Ubelgiji, walisifika kwa lesi ya aina nyingine: vijiti vingi vilivyozungushiwa uzi, vikipishanishwa juu ya mto uliochomekwa pini. Wafalme, maaskofu na matajiri waligombea kuivaa, tena wanaume hawakuachwa nyuma na wake zao. Ufaransa ilipoona fedha zake zinakwenda Venice kwa ajili ya kola na pindo za mikono, waziri wa Mfalme Louis wa 14, jina lake Colbert, alianzisha viwanda vya kifalme vya lesi mwaka 1665. Mji mmoja uliopata kazi hiyo ni Alençon, huko Normandy.

Tulisoma jinsi lesi ya Alençon inavyoshonwa, tukaona aibu kwa kulalamikia vitambaa vyetu. Ua huchorwa kwanza, kisha mchoro hutobolewa kwa sindano juu ya karatasi ya ngozi. Uzi mwembamba hupitishwa kufuata matundu hayo. Hapo hushonwa wavu wa chini, halafu maua, halafu kingo zilizoinuka. Mwisho lesi hutenganishwa na ngozi kwa wembe, vijiuzi vilivyobaki huondolewa kimoja kimoja, na kazi husuguliwa kwa gando la kamba mkubwa wa baharini mpaka ing'ae. Sentimita moja ya mraba, yaani eneo dogo kuliko kucha ya kidole gumba, huchukua saa 7. Fundi hujifunza kwa miaka 7 hadi 10. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka ufundi huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na ilieleza kwamba hurithishwa kwa mdomo na kwa vitendo tu.

Hilo la vitendo tunalijua. Nani kati yetu alijifunza kroshia kwa kitabu? Kule Burano, kisiwa cha wavuvi karibu na Venice, lesi ilikuwa imekaribia kufa. Mwaka 1872, baada ya kipupwe kikali kilichowaletea wavuvi njaa, watu wenye uwezo walitaka kuifufua ili wake na binti zao wapate kipato. Aliyebaki akiujua mshono wa zamani alikuwa bibi kizee mmoja, Cencia Scarpariola. Bibi huyu hakuweza kueleza anafanyaje. Mikono ilijua, mdomo haukujua. Ikabidi mwalimu wa shule, Anna Bellorio d'Este, aketi kando yake amtazame mpaka ameshika, ndipo akawafundisha wasichana wanane. Lesi ya Burano ikafufuka kutoka hapo.

Na kroshia yetu? Hiyo ni ndugu mdogo wa lesi. Njaa kubwa ilipoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, masista na akina mama wengine waliwafundisha wanawake maskini kuiga lesi ya Venice kwa sindano yenye ndoano, kwa sababu kroshia huenda haraka zaidi na huleta fedha mapema. Kwetu, mama na bibi zetu wengi waliishika sindano hiyo mara ya kwanza katika shule za misioni, kwa masista au wake za wamisionari. Hivyo ukitandika kitambaa kwenye kochi lako, kumbuka kuna mama wa Ireland aliyenunulia watoto wake chakula kwa mshono huohuo.

Turudi kwa Zélie. Alizaliwa mwaka 1831. Ujanani alitamani kuwa sista katika shirika lililohudumia wagonjwa kwenye hospitali ya Alençon, akakataliwa. (Sisi tulio wauguzi katika kikundi tulisikitika hapo, tulimpoteza mwenzetu.) Akajifunza lesi, na mwishoni mwa mwaka 1853, akiwa na umri wa karibu miaka 22, akaanzisha biashara yake. Wanawake waliomfanyia kazi walishona majumbani mwao, kila mmoja hatua yake, na siku ya Alhamisi walimletea vipande. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kuviunganisha ili maungio yasionekane, na hiyo ndiyo iliyohitaji macho kuliko zote. Mwaka 1858 aliolewa na Louis Martin, fundi wa saa. Alizaa watoto tisa, na wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo. Mwaka 1870 Bwana Louis aliuza duka lake la saa ili amsaidie mkewe biashara ya lesi. Tulipofika hapo msomaji alilazimika kunyamaza, maana kikundi kizima kilikuwa kikicheka na kutazamana.

Barua zake zaidi ya 200 zimehifadhiwa, na ndani yake hasemi tu mambo matakatifu. Analalamika. Lesi inamchosha, oda zinambana, watoto wanaugua, usiku hautoshi. Tulimpenda zaidi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1865 alimwandikia kaka yake, aliyekuwa mfamasia, juu ya uvimbe katika titi. Baada ya hapo maisha yakaendelea. Akazaa watoto wengine watano, akazika wanne, akaunganisha lesi. Mwishoni mwa mwaka 1876 alikwenda kwa daktari, akaambiwa kwamba upasuaji hauwezi tena kumsaidia. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877 akiwa na umri wa miaka 45. Teresia, mtoto wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Kanisa Katoliki liliwatangaza Zélie na mumewe kuwa watakatifu kwa pamoja mwaka 2015.

Jumamosi tuliyosoma ukurasa huo hakuna aliyechangia kitu. Tulipokuwa tukikunja kazi, mwenzetu mmoja alibaki nyuma akijifanya anatafuta sindano chini ya kiti. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Dada Nesi, na kama uvimbe hauumi?"

Alikuwa nao tangu kabla ya Pasaka iliyopita. Miezi yote hiyo tulikuwa tukimtania kuwa amekuwa mvivu, kwa sababu miraba yake ilichelewa. Tuliona anavyoegemeza mkono wa kushoto mapajani, tuliona, hatukuuliza. Wawili kati yetu tumefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini, na hatukuuliza. Yeye alikuwa akipaka dawa aliyoelekezwa na jirani. Hakuogopa kufa, alituambia, aliogopa kukatwa titi na kurudishwa kwao.

Jumatatu tulikwenda naye hospitali. Ilikuwa saratani. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa, kisha akasafiri kwa ajili ya mionzi katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mumewe, ambaye alimwogopa kuliko daktari, ndiye aliyekaa naye huko wiki zote. Sisi tulipokezana kuwapikia watoto, na miraba yake tukagawana.

Kwa hiyo akina mama wenzetu, mtuvumilie tuseme maneno machache ya kiuguzi. Vimbe nyingi za titi si saratani, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuutazama uvimbe au kwa kusubiri uume. Usipouma si salama. Jichunguze, siku chache baada ya hedhi, ili uyajue matiti yako yalivyo. Ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, au kitu kigumu kwapani, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Na mama mwenzako akibaki nyuma akitafuta sindano ambayo haikupotea, nawe baki.

Mwenzetu amerudi kikundini. Mkono wa kushoto humvimba, hivyo hufuma nusu saa akapumzika, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya mto, naye akiwa msomaji wetu. Kitambaa cha meza ya Bwana kilichelewa miezi saba na mzee wa kanisa aliuliza mara tatu. Miraba yake ya zamani inajulikana kwa kukaza. Ule aliofuma baada ya kurudi umelegea, na maua yake ni makubwa kuliko mengine. Alitaka kuufumua. Tulimkatalia. Uko upande wa kushoto, pale kinapowekwa kikombe.