Chombo Kilekile, Picha Nyingine

Mwaka 2006, miaka arobaini tangu tamthilia ya Star Trek ianze kurushwa na kituo cha NBC nchini Marekani, wamiliki wake waliirudisha hewani ikiwa imesafishwa kwa ajili ya runinga za kisasa zenye picha kali, na katika kuisafisha huko wakaondoa karibu picha zote za vyombo vya anga, sayari na miale ya silaha, wakaweka mahali pake picha zilizoundwa kwa kompyuta. Ndani ya chombo, Kapteni Kirk, Bwana Spock na Luteni Uhura (ambaye jina lake lilitokana na neno la Kiswahili, uhuru) walibaki vilevile walivyokuwa. Nje ya madirisha, ulimwengu mzima ulikuwa umebadilishwa. Mabadiliko hayo yaliwagawa watazamaji, na mgawanyiko wao kwa kawaida huelezwa kuwa ni ugomvi wa ladha baina ya wapenda ukale na wapenda usasa. Lakini ikichunguzwa namna picha zenyewe zilivyotengenezwa, inabainika kwamba suala la ladha lilikuja baadaye, na kwamba kilichoamua kipi kibaki na kipi kiondoke kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, hali ya filamu zilizosalia ghalani.

Madoido ya picha ni jina la jumla la picha zote ambazo haziwezi kupatikana kwa kuielekeza kamera tu kwenye jambo linalotendeka. Katika Star Trek ya awali, iliyorushwa kuanzia 1966 hadi 1969, doido kuu lilikuwa chombo chenyewe, Enterprise, ambacho kilikuwa mfano wenye urefu wa mita 3.4 hivi, uliobuniwa na Matt Jefferies na ambao sasa umehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Mfano huo ulikamilishwa upande mmoja tu: nyaya za umeme wa taa zake zilipitishwa ubavuni kushoto, hivyo kamera ikalazimika kuupiga kutoka kulia karibu kila mara, na chombo kilipohitajika kuelekea upande mwingine, mafundi walikuwa wakibandika namba na maandishi yaliyogeuzwa, kisha wakaigeuza picha nzima kama inavyoonekana kwenye kioo.

Mfano ulipigwa picha mbele ya pazia la buluu, na rangi hiyo ndiyo iliyowawezesha mafundi kutengeneza kinga, yaani kivuli cheusi chenye umbo la chombo, cha kuziba sehemu ya filamu ambayo chombo kingekaa. Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye mashine ambamo projekta na kamera ziliwekwa zikitazamana, ili filamu moja ionyeshwe fremu kwa fremu huku nyingine ikiinakili: kwanza nyota, kisha sayari, kisha chombo, kisha mwale wa silaha uliochorwa kwa mkono. Kila nakala ilipoteza ukali kidogo, ikaongeza chengachenga, na ikabeba vumbi lililokuwa juu ya nakala iliyotangulia. Picha za waigizaji hazikupitia safari hiyo. Zilikuwa bado kwenye filamu hasi, yaani filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha, ambayo ina maelezo mengi kuliko runinga yoyote ya miaka ya 1960 ilivyoweza kuonyesha.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kwenye runinga ndogo za zama hizo tofauti kati ya picha ya waigizaji na picha ya chombo haikujitokeza sana, kwa sababu kila kitu kilikuwa na ukungu wake. Filamu hasi ziliposomwa upya kwa mashine za kisasa, ngozi za waigizaji na nyuzi za sare zao zilionekana wazi, kisha chombo kikipita picha inachuja ghafla, inajaa madoa, na ukingo wa ile kinga unajitokeza kama mstari wa buluu. Ubora wa sehemu moja ulikuwa umeianika sehemu nyingine.

Kazi ya kutengeneza picha mpya ilifanywa na CBS Digital chini ya usimamizi wa Michael Okuda, Denise Okuda na David Rossi, na sehemu ya kwanza, "Balance of Terror", ikarushwa Septemba 2006. Wasimamizi hao walijiwekea mipaka ambayo wakosoaji wengi hawakuwapa sifa yake. Umbo la Enterprise lilifuata vipimo vya mfano uleule wa Smithsonian, na mwendo wake ulikusudiwa usipotoke mno kwenye mtindo wa zamani. Hata hivyo, kompyuta ina vishawishi vyake, na katika sehemu za mwanzo chombo kilionekana laini mno, kana kwamba hakijawahi kukutana na hewa.

Sehemu iitwayo "The Doomsday Machine", ya mwaka 1967, yafaa kutazamwa kwa karibu. Hadithi yake ilihitaji chombo cha pili, Constellation, kilichosambaratishwa na mashine kubwa inayokula sayari. Na kwa kuwa bajeti haikuruhusu kujenga mfano mwingine mkubwa, mafundi walichukua kichezeo cha plastiki cha kuunganisha, kilekile kilichouzwa madukani na kampuni ya AMT, wakakichoma na kukiharibu, kisha wakazipanga upya tarakimu za 1701, namba ya Enterprise, zikasomeka 1017. Toleo jipya liliiacha namba hiyo kama ilivyo, ila likakipa chombo ukubwa na undani unaostahili, chuma kikiwa kimeraruka na sakafu za ndani zikiwa zimefunuka. Hapa ubadilishaji una haki yake yote: kapteni wa chombo hicho, anayeigizwa na William Windom kwa uchungu mkubwa, amepoteza mabaharia wake wote, na kwa mara ya kwanza gofu linalooneshwa linalingana na huzuni iliyo usoni pake.

"Miri", iliyorushwa Oktoba 1966, inaonyesha upande wa pili. Enterprise inafika kwenye sayari inayofanana kabisa na dunia, na picha ya awali ilionyesha kitu kisichotofautiana sana na tufe la darasani, mabara yote yakiwa wazi bila wingu hata moja. Picha ya rangi ya dunia nzima ikionekana kutoka angani ilipatikana mwaka uliofuata, kupitia setilaiti ya ATS-3. Toleo jipya limeweka mawingu, na kisayansi limesahihisha kosa. Lakini kosa lile lilikuwa ushahidi wa namna binadamu walivyoiwaza sayari yao muda mfupi kabla ya kuiona, na mtazamaji wa leo hawezi kujua kwamba ushahidi huo ulikuwapo, isipokuwa akionyeshwa picha zote mbili.

Kwa bahati nzuri anaweza kuonyeshwa. Diski za Blu-ray zilizotolewa kuanzia 2009 zina matoleo yote mawili, na mtazamaji huchagua kwa rimoti. Diski kadhaa za Doctor Who ya BBC zilitumia njia hiyohiyo, madoido mapya yakiwa hiari tu. Red Dwarf, tamthilia ya vichekesho ya Uingereza, ilichezewa kwa pupa zaidi mwaka 1998, mashabiki wakanung'unika, na DVD zilipokuja baadaye picha za awali ndizo zilizotangulia kuuzwa.

Kisa cha Star Trek: The Next Generation, ya 1987 hadi 1994, kinathibitisha uzito wa ghala kuliko ladha. Ilipigwa kwa filamu lakini ikahaririwa kwenye kanda za video, zenye ubora mdogo, na madoido yaliunganishwa humohumo, kiasi kwamba hapakuwa na toleo kamili la kusafisha. Ila makopo ya filamu yalikuwa yamehifadhiwa, zikiwamo picha za chombo tabaka kwa tabaka. Kati ya 2012 na 2014 kila sehemu ilihaririwa upya kutoka mwanzo, tabaka hizo zikaunganishwa kwa kompyuta bila kupoteza ukali, na mifano iliyojengwa kwa mikono ikabaki kwenye picha. Kompyuta ilijaza zaidi sayari na miale. Ilikuwa kazi ya gharama kubwa, mauzo hayakutosheleza, na tamthilia mbili zilizofuata, Deep Space Nine na Voyager, hazijafanyiwa hivyo.

Babylon 5, iliyoanza 1993, ilikumbwa na hali iliyo kinyume. Madoido yake yalitengenezwa kwa kompyuta tangu mwanzo, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni kwenye runinga, lakini mafaili hayakutunzwa. Ilipotolewa upya mwaka 2021, picha za waigizaji zilisomwa kutoka kwenye filamu, ilhali zile za vyombo, ambazo hazikuwahi kuwa kwenye filamu, zililazimika kukuzwa tu kutoka kwenye ubora wa video zilizotengenezewa.