Santuri na Muziki wa Kufoka: Haja ya Kuzitoa Upya Albamu za Chini kwa Chini za Afrika ya Mashariki

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya gramafoni, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Santuri za siku hizo zilikuwa nyepesi kuvunjika. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu au nne. Hata hivyo baadhi yao zimesalia, na mtafiti wa leo aweza kukisikia Kiswahili cha mjini Unguja kama kilivyotamkwa karibu karne moja iliyopita. Kinyume cha hayo, mtafiti huyo huyo akitafuta kanda ya muziki wa kufoka iliyouzwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, atapata taabu kubwa. Na akiipata, pengine atasikia mvumo mwingi kuliko maneno. Makala haya yanakusudia kueleza hali hiyo imetokeaje, na kuonyesha ni kazi zipi za muziki huo, hasa zile zilizotungwa nje ya macho ya makampuni makubwa, zinazostahili kutolewa upya katika santuri, na kwa nini jambo hilo liwahusu wanafunzi wa lugha.

Muziki unaozungumziwa ni ule wa hip hop, ambao kwa Kiswahili aghalabu umeitwa muziki wa kufoka au kufokafoka. Jina hilo lina lawama kidogo ndani yake, kwa kuwa afokaye huwa amekasirika. Lakini limekaa, na hapana haja ya kulikwepa. Neno la pili linalohitaji maelezo ni “chini kwa chini”. Huko Marekani msanii wa chini kwa chini ni yule aliyechagua kujitenga na makampuni, akitoa kazi zake mwenyewe au kwa mikono ya kampuni ndogo. Kundi la Freestyle Fellowship la Los Angeles, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1991, ni mfano unaojulikana. Neno hilo lilipofika Dar es Salaam likawa “andagraundi”, na maana yake ikageuka: andagraundi ni kijana asiyejulikana bado, anayengoja “kutoka”. Mmoja yuko chini kwa hiari, mwingine kwa kukosa ngazi. Katika makala haya maana zote mbili zinahesabiwa, kwa sababu kanda ya aliyekosa ngazi hupotea upesi sawasawa na ya aliyeikataa.

Yafaa ikumbukwe kwamba muziki huu ulizaliwa katika santuri. Husimuliwa kwamba asili yake ni karamu iliyofanyika mtaa wa Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, ambapo DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, alitumia mashine mbili za santuri kukirefusha kile kipande cha wimbo ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Juu ya kipande hicho watu wakaanza kusema kwa mizani. Kwa hiyo msikilizaji wa Marekani anapotaka albamu ya zamani itolewe upya katika santuri, anataka irudishwe katika chombo chake cha asili. Funcrusher Plus ya kundi la Company Flow, iliyotoka mwaka 1997, ilipata bahati ya kutolewa upya mwaka 2009, na nyingine nyingi zimefuata njia hiyo.

Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha santuri ambacho kwa miaka mingi kilihudumia hata muziki wa Tanzania. Lakini vijana wa Dar es Salaam na Nairobi walipoanza kufoka kwa lugha zao, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kufa, ikauawa na kaseti na hasa na wanakilishaji wasio na idhini. Kufoka kwa Kiswahili kulizaliwa katika kanda, kukahamia katika diski za CD na baadaye katika kompyuta, bila ya kupita katika santuri. Kusema “kutoa upya”, basi, ni kusema kwa mazoea: kwa kazi nyingi zitakazotajwa hapa chini, santuri ingekuwa chombo kigeni kabisa.

Kwa mtaalamu wa isimu, tofauti ya vyombo hivi si ya mapenzi tu. Kanda ya kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini yenye sumaku, nao hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kila kanda inaponakiliwa kutoka kanda nyingine, mvumo huongezeka na sauti za juu hupungua. Sasa, katika usemi, sauti za juu ndimo vinamokaa vikwamizo: s, z, sh, f, th. Irabu hukaa chini zaidi, nazo husalimika. Matokeo yake ni kwamba mtu anayenukuu maneno kutoka nakala ya tatu au ya nne husikia irabu vizuri na kuzikisia konsonanti. Katika Kiswahili sanifu kosa hilo husahihishwa na kamusi pamoja na muktadha. Katika Sheng haliwezi kusahihishwa hivyo, kwa kuwa neno lenyewe huenda halikuandikwa popote, na huenda lilidumu mitaani miaka miwili tu. Anayekisia konsonanti ya neno kama hilo huenda anaunda neno jipya na kulitia katika historia ya lugha.

Santuri nayo ina udhaifu wake, tena unagusa sauti zile zile. Sauti huchorwa kwanza katika sahani laini kwa sindano yenye moto, mfuo mmoja mwembamba ukizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Sahani hiyo hutengenezewa kalibu za chuma, na kwa kalibu hizo santuri hukandamizwa. Santuri kubwa ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika bila ya kubadili kasi, lakini duara hupungua kadiri sindano inavyokaribia katikati. Kwa hiyo urefu wa mfuo unaopita chini ya sindano kwa kila sekunde hupungua pia, na vikwamizo vikali vilivyo mwishoni mwa upande huanza kukwaruza. Fundi mzuri huvituliza kabla ya kuchora. Fundi mbaya huvifuta. Aidha, upande mmoja hauvumilii zaidi ya dakika 20 na chache bila sauti kudhoofika, na albamu ya saa nzima hudai santuri mbili. Anayedai kwamba santuri husema kweli kuliko vyombo vyote anatia chumvi. Sifa yake ni nyingine: kwamba ni toleo. Likishatoka halibadiliki, lina tarehe, lina jalada kubwa linaloweza kubeba maandishi, na mia chache za nakala zikitawanyika duniani ni vigumu zote kupotea kwa pamoja. Faili ya kompyuta yaweza kubadilishwa au kuondolewa usiku mmoja pasipo mtu kujua.

Kazi ya kwanza kufikiriwa ingekuwa ile ya Saleh Jabir wa Dar es Salaam, aliyetoa kanda ya kufoka kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Thamani yake ya kihistoria haina shaka. Ugumu ni kwamba alitia maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani, ikiwamo “Ice Ice Baby” ya Vanilla Ice, ambayo yenyewe ilijengwa juu ya besi ya wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Mtoaji wa leo angelazimika kuomba idhini kwa watu wa mabara mawili kwa ajili ya kanda ya kijana mmoja. Huenda njia ya busara ni kuihifadhi kanda hiyo katika maktaba na kutoiuza.

Kwanza Unit, kundi lililoundwa Dar es Salaam mwaka 1993 kwa kuunganisha makundi madogo, lina kesi nyepesi zaidi. Albamu yao Kwanzanians ya mwaka 1999 ina jina lililoungwa kwa neno “kwanza” na mkia wa jina la taifa. Wasanii hao walifoka kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kazi zao zikifuatwa kwa mpangilio wa miaka huonyesha jinsi Kiingereza, ambacho hapo kwanza kilidhaniwa kuwa ndiyo lugha pekee ya sanaa hiyo, kilivyolazimika kugawana nafasi na Kiswahili. Albamu moja peke yake haitoshi kuonyesha hilo; zingefaa zitolewe pamoja na zile za awali.

Lakini kama ingebidi kuchagua moja tu, chaguo lingekuwa Ni Wakati ya Kalamashaka, iliyotoka mwaka 2001. Watu watatu wa kundi hilo, Kamaa, Oteraw na Johny, walitoka Dandora, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, na ambao baadaye ulijulikana zaidi kwa jaa la taka la mji mzima. Wimbo uliowatangulizia sifa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliitwa “Tafsiri Hii”, na jina hilo ni mwaliko ambao idara za lugha hazijauitikia ipasavyo. Wakati huo wafokaji wengi wa Kenya walikuwa wakiiga lafudhi ya New York. Kalamashaka walitumia Kiswahili cha Eastlands na Sheng kuelezea njaa, polisi na serikali, na walifanya hivyo kwa ufundi unaostahili kuchunguzwa kama ushairi. Msomaji aliyezoea mizani ya shairi, nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho, atakuta hapa utaratibu mwingine: idadi ya silabi hupanda na kushuka, lakini mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, ambao ndio kawaida ya Kiswahili, hukutanishwa na pigo la ngoma au hukwepeshwa kwa makusudi. Kukutana na kukwepana huko hakuonekani katika maandishi. Husikika tu, na kwa hiyo nukuu bila sauti ni nusu ya kazi.

Thamani ya pili ya Ni Wakati ni tarehe yake. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde walichapisha uchunguzi wao wa Sheng na Engsh mwaka 1997, na wa Alamin Mazrui ulitangulia mwaka 1995. Uchunguzi wa namna hiyo hutegemea sana mazungumzo, na mzungumzaji anayejua kwamba anachunguzwa hubadili usemi. Albamu iliyotungwa kwa ajili ya wakazi wa mtaa, na watu wa mtaa huo huo, ni ushahidi wa aina nyingine. Katika lugha ambamo polisi huitwa karao leo na sanse kesho, kuwa na matini marefu yenye mwaka unaojulikana ni jambo kubwa.

Kilio cha Haki ya mwaka 2004 huifuata kwa karibu. Ilirekodiwa katika nyumba moja ya Eastleigh kwa msaada wa taasisi ya Uholanzi, ikawakusanya wafokaji wengi wa mitaa ya Nairobi, wengi wao wa Ukoo Flani Mau Mau. Kwa mwanaisimu, wingi huo wa sauti katika kazi moja ni faida: mitaa tofauti, mwaka mmoja, chumba kimoja. Maasai Hip Hop ya X Plastaz wa Arusha, iliyotolewa mwaka huo huo na kampuni ya Out Here ya Ujerumani, huweka Kimaasai kando ya Kiswahili, wimbo kando ya kufoka. Mmoja wa waanzilishi wake, Faza Nelly, alifariki mwaka 2006, na maneno ambayo yeye peke yake angeweza kuyafafanua yamebaki bila mfafanuzi.

Hapo ndipo penye haraka. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyafahamu na W. E. Taylor akayakusanya, mpaka yakachapishwa mwaka 1940 kwa juhudi za William Hichens, miaka mia moja baada ya mshairi kufa. Wasanii wengi wa Dandora na Arusha wangali hai na waweza kuulizwa. Sheria ya Kenya huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50, kwa hiyo hakuna toleo halali bila idhini ya wenye haki, na katika kuiomba idhini hiyo mazungumzo ya maana ya maneno yangeweza kuanza. Wanunuzi wa santuri kama hizi wengi wako Ulaya, Marekani na Japani, na hilo si baya maadamu nakala kadhaa ziwekwe kwanza katika maktaba za Nairobi na Dar es Salaam.

Litabaki suala la karatasi ya maneno itakayowekwa ndani ya jalada. Sheng haina maendelezo yaliyokubaliwa. Gari la abiria litaandikwa “mathree”, likionyesha asili yake ya Kiingereza, au “mathrii”, kama lisomwavyo na mtoto aliyefundishwa herufi kwa Kiswahili? Wasanii wenyewe huandika kwa njia zote mbili, pengine katika ukurasa mmoja. Karatasi hiyo ikichapishwa na kutawanywa, itaigwa, na kwa hiyo yafaa uamuzi huo ufanywe na wasanii wakiwa wameketi pamoja na watu wa idara, kabla ya sindano ya kuchorea kuwashwa.