Bibi na Hesabu za Bamvu

Kwetu Jambiani siku ya harusi ilipangwa na bibi, na bibi alipangiwa na mwezi. Ukimpelekea tarehe alipiga hesabu kwa vidole, kisha akakataa: "Hiyo bamvu." Siku za bamvu haozeshwi mtu. Maji yakipwa mpaka karibu na mwamba, wanawake wote wako baharini. Nani atapika pilau?

Kilimo cha mwani cha biashara kilipoingia pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, bibi alishazaa na kulea, na mikono yake ilishakuwa migumu. Siku hizi wageni wa miradi hupenda kusema mwani ndio uliowapa wanawake wa huku kazi. Hunikera kauli hiyo. Kabla ya mwani bibi alifukia makumbi ya nazi mchangani, akayapanga mawe juu maji yasiyachukue, akayaacha miezi mpaka yaoze. Harufu yake yakifukuliwa ukishaijua huisahau. Akayaponda kwa gongo, akayakausha, akasokota kamba kwa viganja, hadithi zikiendelea. Na pweza akichokoa, na muhogo akilima. Kilichoingia na mwani ni mizani: jasho lake sasa lilipimwa kwa kilo, likaandikwa daftarini, basi likaitwa kazi.

Daftari lenyewe hakuliamini. Mimi, aliyeniita mume wake kama bibi wote wafanyavyo, ndiye niliyekuwa karani. Alisimama nyuma yangu na kipande cha kamba chenye mafundo, fundo moja kwa kila gunia, tukalinganisha. Nikipungukiwa, alisema, "Mume wangu, kalamu yako inakula."

Shambani (ndiyo, shamba, japo ni bahari) alifunga mbegu kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, bila kutazama: kidole gumba kinabana, cha shahada kinazungusha, meno yanakaza. Kamba ikijaa inatandwa baina ya vigingi viwili, anahamia nyingine, maji ya magotini, kanga imefungwa kiunoni. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, huanikwa, huingia guniani. Nilipomwambia utomvu wa mwani hutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye mswaki wake ulikuwa wa mti.

Kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulipoanza kufa kwa maji kuwa moto kuliko zamani, wengi walivunjika moyo. Bibi alirudi kwenye spinosamu, wa bei ndogo, akaongeza kamba. Mnunuzi mmoja akashusha bei hata hiyo. Msimu ule bibi hakumwuzia. Alirundika magunia chumbani, akalala nayo. Nyumba nzima ilinuka bahari, wajomba wakanung'unika, naye hakujibu kitu. Hakuwa mpole, kusema kweli. Alipendwa hivyo hivyo.

Alifariki mwishoni mwa kaskazi, kitandani, alfajiri. Tulisoma hitima, matanga yakaanuliwa siku ya tatu. Siku ya nne ilikuwa bamvu, na mwani wake ulishapitisha wiki sita. Mama mkubwa akawaamsha wenzake, wakateremka pwani na magunia matupu, nami nyuma yao. Kwenye kamba za watu wengine mafundo hulegezwa kwa kucha. Ya bibi yalikataa. Mama mkubwa alihangaika na la kwanza, akajaribu kwa meno, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete kisu," akasema.