Kupika Minofu ya Sangara

Ziwa Viktoria halikuwa na sangara tangu asili. Kwao ni mto Naili na maziwa ya Albert na Turkana; ziwani humo alitiwa katika miaka ya 1950, akaongezeka mno. Nyama yake ni nyeupe, haina harufu kali, nayo hukatwa minofu isiyo na miiba. Sehemu kubwa ya minofu ya viwandani hupelekwa ng'ambo, na watu wengi wa Mwanza wamezoea zaidi mapanki, yaani mifupa na vichwa vibakivyo. Basi mtu apatapo mnofu kwa fedha yake haifai aupoteze jikoni. Nasi twaona wengi huupoteza, kwa kuuchemsha muda mrefu kama nyama ya ng'ombe.

Nyama ya ng'ombe ina kano ambazo hazilainiki ila kwa moto wa saa nyingi. Samaki hubebwa na maji, hana haja ya kano nene. Nyuzi zake ni fupi, zimeshikanishwa kwa utando mwembamba uyeyukao upesi. Moto ukizidi, maji yaliyo ndani ya nyuzi hutoka, nyama ikawa kavu kama pamba na kuvunjikavunjika.

Kwanza pitisha kidole juu ya mnofu, utafute mwiba uliosahauliwa, hasa kama watakula watoto. Nyunyiza chumvi, ungoje robo saa, kisha pangusa maji kwa kitambaa safi. Maana mnofu wenye maji haukaangiki. Upake unga kidogo. Mafuta yakiisha kupata moto, utie, wala usiuguse mpaka upande wa chini uwe na rangi ya dhahabu, ndipo uugeuze mara moja tu. Mnofu wa unene wa inchi moja hutaka dakika kama 10 kwa jumla. Nyama ikiwa nyeupe hata kati, na kuachana ukiigusa kwa uma, uepue papo hapo.

Wapendao tui na wapike kwanza vitunguu, nyanya na tui mpaka mchuzi uwe mzito, watie minofu mwisho, tena wasikoroge kwa mwiko bali watikise sufuria.

Wako wasemao ya kuwa ndimu huivisha samaki bila moto. Kweli hugeuza rangi yake, lakini si vijidudu vyote vya ugonjwa vifavyo kwa ndimu. Afadhali ikamuliwe mezani, samaki akiisha kuiva.